Seti ya kapeti ya MGB ya wazi: uzoefu wangu baada ya kuiweka

Seti hii ningeinunua tena, ila lile tandiko la chini ya kapeti linalokuja nayo ningewaachia wenyewe.

Gari langu ni MGB, gari dogo la michezo, ya wazi yenye paa la turubai, ya mwaka 1970, usukani kulia, lililotoka kiwanda cha Abingdon kule Uingereza na sasa linakaa Nairobi. MGB ziliundwa kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha zile zenye paa la chuma, GT, zinazidi nusu milioni. Ndiyo maana vipuri vyake vinatengenezwa mpaka leo. Kuna wenye magari ya zamani wanaokata kapeti kutoka kwenye roli kwa kukisia; sisi wa MGB tunaletewa iliyokwisha kukatwa na kushonwa.

Niliagiza duka moja la Uingereza, kapeti ya nailoni nyeusi. Ya sufu ipo pia, nzuri zaidi machoni na ghali zaidi, lakini gari la turubai hunyeshewa hata mwenyewe uwe mwepesi vipi, na sufu haina haraka ya kukauka. Usafiri na ushuru viliniuma kuliko bei ya seti, kwa hiyo pigia hesabu mapema. Ukiagiza, taja mwaka wa gari na upande wa usukani, la sivyo kipande cha mpira cha kuwekea kisigino cha dereva kitakuja kimeshonwa upande wa abiria.

Vipande vya sakafuni sina la kulalamikia. Pindo zimeshonewa utepe wa ngozi bandia, nyuzi hazichomoki, na vilikaa mahali pake bila kusukumwa. Vya kwenye vizingiti vya milango navyo ni vizuri. Kazi iko kwenye mgongo wa giaboksi, ule mwinuko wa katikati, na matao ya magurudumu ya nyuma. Hapo chuma kimejipinda pande mbili kwa wakati mmoja na kipande kilichokatwa bapa hakitaki kufuata. Anika kapeti juani kwanza mpaka upande wake wa chini ulainike, kisha malizia kona kwa mashine ya kukaushia nywele huku unabonyeza kwa kiganja. Karatasi ya maelezo haisemi lolote kuhusu hilo. Haisemi mengi, kwa kweli. Ni ukurasa mmoja na picha zenye giza.

Sasa tandiko. Waliloniletea ni la nyuzi za juti, zito, linalotuliza kelele vizuri. Kwa gari lenye paa ningelitumia bila wasiwasi. Lakini MGB haina chasi, yaani fremu ya chini, iliyo kando na bodi: sakafu na vizingiti ndivyo vinavyobeba gari lote. MGA, iliyoitangulia, ilikuwa na chasi yake na sakafu ya mbao, kwa hiyo ubao ukioza unaweka ubao mwingine. Kwenye MGB kizingiti kikioza gari linalegea kiunoni, na milango inaanza kugoma kufunga. Juti inanywa maji ya mvua na kuyabana kwenye chuma. Juu unapapasa kapeti kavu, chini kutu inakula. Fundi aliyenichomelea sakafu mpya alinionya mapema: “Mzee, ukibandika kapeti yote, tutaonana tena hapa hapa.”

Nilimsikiliza. Nikatandika sponji ngumu isiyonywa maji, ya aina ile ya mikeka ya mazoezi, na upande wa giaboksi nikaweka iliyopakwa foili kwa sababu ya joto. Gundi nikaiacha kwa vizingiti, mgongo wa giaboksi na matao tu. Vipande vya sakafuni vinashikwa na vifungo vya kubonyeza vilivyokuja na seti. Ukinyeshewa unavifungua, unaanika kapeti ukutani na kutazama chuma. Skrubu za vifungo hivyo zinatoboa sakafu, kwa hiyo kila tundu lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukaza. Kipande cha nyuma ya viti usikitie gundi hata tone. Chini yake kuna mfuniko wa betri, na gari la umri wa langu lina betri mbili za volti 6 zinazohitaji kutembelewa.

Gundi yenyewe nunua inayovumilia joto, maana ya kawaida hulainika ukienda safari ndefu na kapeti ya giaboksi inaanza kuteleza. Paka pande zote mbili, subiri mpaka kidole kisinate, ndipo uweke. Ikishagusana haina mjadala. Fanyia kazi nje, harufu yake inalewesha.

Matundu ya bolti za viti na mikanda hayajakatwa, na naona ni afadhali hivyo, kwa sababu hakuna MGB mbili zilizochomelewa sawasawa. Usitumie drili. Ncha yake inakamata uzi mmoja na kuuvuta mstari mzima mbele ya macho yako. Chukua msumari, uchome moto hadi uwe mwekundu, ushike kwa koleo, utoboe: nailoni inayeyuka na tundu linajifunga ukingo lenyewe. Kumbuka pia kurudisha vile vibao vya mbao vinavyokaa chini ya reli za viti.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja imekwenda na juti na ile karatasi ya maelezo. Kapeti ya buti wanaiuza kando na sikuichukua. Pale linakaa gurudumu la akiba, maji hupenda kuingia, na napendelea kuona rangi ikianza kuvimba kabla fundi hajaiona.