Mama lishe wa Ilala anayejua kumpakulia mtu wa sukari

Mnaowapeleka wazazi kliniki ya sukari pale hospitali ya Amana, kuna mama lishe mitaa ya jirani hana bango wala jina, ana turubai la bluu na mabenchi tu, mi nampa nyota nne kati ya tano na hiyo moja nitasema imeenda wapi.

Ugali wake ni dona kweli, mahindi yamesagwa na ganda lake na kiini chake, ukitafuna unalisikia. Ila sio dona lililonifurahisha zaidi, maana dona wengi wanauza siku hizi na watu wa sukari wakishasikia dona wanajipakulia mlima wakidhani ndo dawa, wakati wanga ni wanga tu, dona linachelewa kidogo kupandisha kwa sababu ya zile nyuzinyuzi ila ukila sana linapandisha vilevile. Kilichonifurahisha ni anavyopakua. Mama yangu alipomwambia ana sukari yule dada akamjibu "sawa mama, basi nakupunguzia ugali nakuongezea mboga", akamwekea ugali kama ngumi, kibua wa kuchoma, halafu nusu nzima ya sahani ni matembele na nyanya chungu na kachumbari, na bei ikabaki ileile 3,500!! Sahani nyingi tulizozoea mboga ni ya kuonjea tu, ugali au wali ndo umejaa sahani, ukiomba mboga zaidi unaongezewa bei. Kliniki wanafundisha hivihivi kila siku, nusu ya sahani mboga za majani, robo wanga, robo samaki au maharage, sema ukitoka pale getini hupati pa kulifanya hilo somo.

Masaa mawili baada ya kula tukapima sukari kwenye damu ikasoma 8.6 (mmol/L), na mama ameambiwa isizidi 10. Najua kila mwili na wake na dawa zinatofautiana so usichukue namba ya mama yangu, pima ya kwako. Lakini kwa mtu ambaye alikuwa anaogopa kula nje kabisa, anabeba muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko akiamini muhogo hauna sukari kwa kuwa sio mtamu, kwakweli nilifurahi sana. Muhogo nao ni wanga jamani, tuambiane, na ule uji wa ulezi wenye asali mnaowapa wazee mkijua mmewaokoa, asali ni sukari.

Siku zisizo na samaki kuna choroko na kunde, chukueni hizo, zinashibisha na hazipandishi haraka. Kisamvu chake kitamu ila nazi ni nyingi, mwenye presha na mwenye kupunguza uzito asijiachie, na dagaa wana chumvi sana.

Sasa nyota iliyopotea. Juisi ya ukwaju inakuja ikiwa imeshatiwa sukari kwenye ndoo, huwezi kuomba isiyo na sukari mpaka umwambie asubuhi, na pembeni kuna friji la soda tupu. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 kwenye kila mililita 100, chupa ya 350 hapo umekunywa karibu vijiko 9 vya chai, sahani yote ile nzuri inakuwa kazi bure. Bebeni maji.

Na kingine ni foleni. Saa saba mchana unaweza kukaa nusu saa nzima oda haijafika, na hili kwa mtu wa insulini sio usumbufu tu ni hatari, maana kuna wanaochoma kabla ya kula, ukichoma ukiwa kwenye foleni sukari inashuka chini ya 4 unaanza kutetemeka na jasho. Muulize kwanza chakula kiko tayari au bado ndo uchome, na kwenye pochi weka sukari ya kawaida, vijiko vitatu vya chai kwenye maji vinatosha kuanzia, halafu pima tena baada ya dakika 15. Nilimwambia yule dada akasikiliza vizuri tu, sasa hivi ukijitambulisha una sukari anakutanguliza, ila vijana wake wa kuhudumia bado hawajashika.

Nendeni kabla ya saa sita, mboga zikiwa bado zipo. Jumapili hapiki.