SSD ya nje kutoka Kariakoo: nimeitumia miezi minne kujengea kerneli

Diski hii niliinunua mtaa wa Aggrey, ya terabaiti 1, kwa shilingi 250,000. Muuzaji alikubali nichomeke kwenye laptopu yangu na kunakili mafaili mpaka nijiridhishe, ndipo nikatoa hela. Nawe usikubali kuondoka bila kujaribu, maana diski zenye ukubwa wa uongo mjini zipo.

Kazi yangu ni kujenga, yaani kukompaili, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) kwa mashine zenye prosesa za aina tatu: laptopu yenyewe (x86_64), kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 (arm64), na RISC-V ninayoiendesha ndani ya QEMU, programu ya kuigiza mashine. Zamani, kwa kubana nafasi, zote nilizijengea ndani ya saraka ileile ya chanzo, yaani msimbo wa kerneli. Nikitaka kuhama arm64 kwenda x86, nasafisha kwa `make mrproper`, na amri hiyo haibakizi kitu, hata `.config`, faili la mipangilio ya kerneli, inaondoka nayo. Usiku mmoja hapa Sinza nikafuta mipangilio ya Pi niliyokuwa nimeichonga wiki tatu. Iliniuma sana, na ndiyo iliyonipeleka Kariakoo.

Siku hizi chanzo ni kimoja na hakiguswi. Pembeni kuna `jenga/x86`, `jenga/arm64` na `jenga/riscv`, kila moja na `.config` yake. Ya Pi naijenga hivi:

`make O=../jenga/arm64 ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- -j4`

Hiyo `O=`, inayosema matokeo yaende saraka gani, usiisahau hata mara moja. Ukiisahau, mafaili yanamwagika kwenye chanzo, na siku ukirudi nayo make inagoma, inakwambia chanzo si kisafi. Mimi nimeandika skripti fupi kwa kila saraka, basi. Nikirekebisha dereva moja, kinachokompailiwa upya ni kile kilichoguswa tu. Image ya Pi, yaani kerneli iliyokwisha kujengwa, naikuta `jenga/arm64/arch/arm64/boot`, na ya laptopu, bzImage, imetulia kwake.

Sasa kasoro. Diski ilikuja imefomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili. Nikashusha chanzo, na git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, ikadai kuna mafaili yamebadilika, wakati sijagusa hata mstari. Nilihangaika jioni nzima. Kumbe exFAT haitenganishi herufi kubwa na ndogo, na ndani ya `net/netfilter` kuna `xt_TCPMSS.c` na `xt_tcpmss.c`: mafaili mawili tofauti kabisa, moja likalifunika jenzake. Nikafomati kwa ext4, mfumo wa Linux unaozitenganisha herufi hizo, tatizo likaisha. Kama ni kwa kazi hii, fomati kabla hujaweka chochote.

Waya wake ndio mbaya. Ulilegea mwezi wa pili, ukachomoka katikati ya ujenzi, nikarudia yote. Nimenunua mwingine kwa 15,000. Kwa joto la Dar diski inapata moto kweli, lakini haijawahi kuzima, na umeme ukikatika inaendelea kula betri ya laptopu bila shida.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ule waya.