Nimemlipa msanifu anisomee kanuni za paa: nyota nne

Nilikulia Tabata, Dar es Salaam, na kwa akili zangu za Tabata paa ni jambo la mwenye nyumba na fundi wake. Nilitaka paa la kuficha, ukuta umepanda juu, bati halionekani, kama zile nyumba za Goba. Sasa kiwanja tulichopata na mume wangu kiko kijijini Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na huku mtaa mpya huwa na Bebauungsplan, yaani ramani iliyopitishwa na halmashauri na yenye nguvu ya sheria. Kwenye kiboksi cha kiwanja chetu paliandikwa: II, SD 38°–45°, FH 9,0 m. Niliikodolea macho jioni nzima. Nikadhani SD ni ukubwa wa kitu fulani.

Ndipo nikaenda kwa msanifu mmoja wa mji wa jirani, mzee mpole, anayetoza euro 850 kusoma ramani na kutoa ushauri kabla hujachora chochote. SD, akanieleza, ni Satteldach: paa la pande mbili zinazokutana juu kwenye mstari mmoja. Nyuzi 38 hadi 45 ni mteremko wa paa hilo, FH ni kimo ambacho kilele chake hakiruhusiwi kuzidi, na II ni ghorofa mbili zisizozidi, ya chini ikihesabiwa.

Nikambana: mbona nyumba ya tatu kutoka kwetu ina paa la pande nne? Akaniuliza tu, "Imejengwa lini?" Kumbe ilikuwepo kabla ya ramani, kwa hiyo haikunipa haki yoyote. Msamaha upo, kifungu cha 31 cha sheria ya ujenzi, ila kwa kawaida hautolewi kama unagusa msingi wa mpango wenyewe, na mtaa wetu kila kiboksi kimeandikwa SD. Akaniambia nisipoteze hela ya maombi. Mwingine angenichorea tu na kunikata hela.

Kilichonifanya nimheshimu ni penseli yake. Sisi tulitaka nyumba ya upana wa mita 10. Akachora nusu yake, mita 5, akainua mstari kwa nyuzi 38: kilele kinapanda karibu mita 3.9 juu ya kuta. Toa kwenye 9, kuta zinabaki na mita 5.1, na hapo hujahesabu unene wa paa. Ghorofa mbili zenye dari za kawaida hazikai. Akapunguza upana hadi mita 8.5, paa likashuka kuwa mita 3.3, kuta zikapata 5.7. Yaani sebule yangu imekatwa na nyuzi za paa! Miezi mitatu nilikuwa nahangaika na rangi ya jiko, kumbe hesabu ilikuwa hii.

Kibaraza cha nyuma ndicho kilicholeta utata. Maandishi ya ramani yanaruhusu paa bapa kwa gereji na vijengo vya pembeni, lakini kibaraza chetu kimeshikana na nyumba. Hakubahatisha. Alipeleka swali hilo moja halmashauri kuomba Vorbescheid, jibu la maandishi linaloifunga mamlaka, na hapa Bavaria linadumu miaka mitatu. Tukasubiri wiki tisa, likaja: ruksa, paa bapa. Ada yake ni juu yako, haimo kwenye zile 850.

Nyota moja nimeikata kwa haki. Simu hapokei, ukimwandikia Jumatatu jibu unalipata Alhamisi. Halafu alisahau kunionyesha mstari mmoja ukurasa wa sita: vigae viwe vyekundu au vya kahawia. Tulikuwa tumeshaweka oda ya vigae vyeusi, na kuibadilisha kumetugharimu euro 240. Nilipomwambia alikiri, akanipunguzia 100 kwenye ankara ya mwisho.

Mama yangu amenitumia sauti baada ya kuona picha ya kenchi: "Mwanangu, mnajenga nyumba au kanisa?"