Kuhamisha watu: Tanzania ya vijiji, Kenya ya skimu

Baada ya uhuru, serikali zote mbili zilipanga upya mahali pa watu kuishi. Kenya ilitumia mkopo, Tanzania ikatumia amri.

Kenya, kuanzia 1962, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, kisha yakagawiwa familia zipatazo 35,000 katika skimu, yaani miradi ya makazi. Mwenye shamba aliuza kwa hiari, na aliyepewa kipande alibaki na deni. Wengi wasiokuwa na kitu walikosa. Wengi wa waliopewa ardhi walipelekwa Bonde la Ufa, ambako jamii nyingine zilidai ardhi ya mababu. Idadi ya watu ikapanda, kutoka milioni 10.9 mwaka 1969 hadi milioni 47.6 mwaka 2019, nalo dai lile halikufa. Liliwaka vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008.

Tanzania, Novemba 1973, Nyerere alitangaza kuwa kuishi kijijini ni lazima. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori, na kuna waliochomewa nyumba. Ukame ukaja juu yake, mavuno yakaanguka. Siwezi kuliita jambo dogo: mzee aliyeng'olewa kwenye makaburi ya wazazi wake alidhulumiwa.

Hata hivyo, kijiji kilileta shule, zahanati na bomba karibu, na ardhi haikugawiwa kwa kabila. Nikilazimika kuchagua, nachukua lengo la Tanzania, lakini nakataa malori yake.