Nimeonja Hotidogi za Mgahawa Ulio Chini ya Nyumba Ninayotaka Kupanga

Haya jamani, karibuni tena. Leo tunachambua vitu viwili kwa mpigo, maana bado natafuta nyumba, na nyumba niliyokuja kuiona ndiyo hiyo ghorofa ya kwanza mnayoiona juu ya kichwa changu. Chini yake kuna mgahawa wa hotidogi. Si kile kigari cha pembeni mwa barabara mlichokizoea, la hasha. Huu una menyu iliyoandikwa kwa chaki, sahani za mbao na mpishi aliyevaa aproni nyeusi. Dalali yuko njiani, na mnajua "niko njiani" ya dalali inamaanisha nini, kwa hiyo tule kwanza.

Nimeagiza mbili. Hii ni ya kawaida kabisa: soseji, mkate, haradali na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Hii nyingine ndiyo fahari yao: jibini la kuyeyushwa, uyoga, vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawia, na mayonezi ya kitunguu saumu juu yake. Naanza na ya kawaida, kwa sababu ndiyo inayomwanika mpishi. Hapa hana pa kujificha.

Ngoja nisogeze kipaza sauti. Sikilizeni.

Mmesikia huo mlio? Huo ndio unaolipiwa. Soseji hii imevishwa ngozi ya asili, utumbo wa kondoo, ndiyo maana ukiuma inapasuka kwanza, kisha mchuzi wake unafuata. Soseji nyingi za pakiti hazina ngozi. Kiwandani hupikwa ndani ya ganda la selulosi, halafu ganda linamenywa kabla ya kufungashwa, kwa hiyo ukiuma unakutana na ulaini mtupu. Na angalieni hapa kwa karibu: ngozi haijachanika popote, ila ina michirizi ya kuungua upande mmoja tu. Nimemchungulia mpishi. Anazipasha kwenye maji ya moto yasiyochemka, kisha anazipitisha juu ya bamba la chuma la kukaangia dakika za mwisho. Ukizichemsha kwa fujo, ngozi inapasuka na mafuta yote yanabaki sufuriani. Huyu anajua kazi yake.

Mkate nao umepakwa siagi na kuchomwa upande wa ndani peke yake. Nje laini, ndani una ukoko mwembamba unaozuia haradali isilowanishe. Kitu kidogo, lakini mpaka tonge la mwisho mkate wangu ulikuwa bado umeshikana. Hii nimeimaliza bila kusema neno, na mnanijua mimi kwa maneno.

Sasa hii ya fahari. Jamani. Kila kitu kilichomo ni kitamu kikiwa peke yake. Uyoga mtamu, vitunguu vitamu sana. Lakini vimerundikwa, soseji imezama, ule mlio siusikii tena, na mkate umekata tamaa kabla sijafika katikati. Nimeletewa uma. Hotidogi ya kuliwa kwa uma ni kitu kingine, tutafute jina lake.

Na wala sisemi vikorombwezo ni vibaya. Ile ya mtindo wa Chicago ina haradali, kitunguu, achari tamu ya kijani, vipande vya nyanya, tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya seleri, vyote kwenye mkate mmoja wenye mbegu za mpopi. Rundo hasa! Lakini karibu vyote ni vichachu au vibichi, vinakata mafuta ya nyama. Hapa wameongeza mafuta juu ya mafuta juu ya mafuta. Hicho ndicho ninacholalamikia kwa hizi zinazoitwa za kifahari: wanaongeza thamani kwa kuongeza uzito. Chakula hiki kilipata umaarufu kwa kuwa chepesi mkononi na mfukoni. Nathan Handwerker alipofungua kibanda chake Coney Island, New York, mwaka 1916, aliuza hotidogi kwa senti 5 wakati mgahawa wa Feltman, alikokuwa ameajiriwa kabla, uliuza kwa senti 10. Watu walihamia kwake.

Haya, dalali amefika, tupande.

Sebule nzuri. Jiko dogo, linatosha. Chumba cha kulala... subirini nifungue dirisha. Mnaliona bomba hilo la bati? Hilo ndilo linalotoa moshi wa jiko la chini. Limepanda na ukuta, likaishia hapo, mkono wangu unakaribia kulifikia. Tazameni ukuta unavyong'aa kwa mafuta. Nikiwa mezani harufu ya vitunguu ilinipa hamu ya kula. Hapa juu, karibu na mto wa kulalia, ni habari nyingine. Na huo mngurumo mnaousikia ni feni, haizimwi mpaka wafunge. Dalali anasema nitazoea.

Mhudumu wa chini ndiye aliyenipa habari kamili, nilipomuuliza wakati nalipa. Mpangaji wa mwisho, anasema, mwanzoni alikuwa mteja wao wa kila jioni. Baadaye akawa anashuka kulalamika tu. Wahudumu wa migahawa waulizeni, jamani, hawana kamisheni kwenye nyumba. Maji yanakatika? Pikipiki za kupeleka oda zinapaki wapi usiku? Atakwambia.

Na kuna jambo la pili. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama ya kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Kwa hiyo hiki ni chakula cha mara mojamoja. Mimi najijua: kikiwa chini ya ngazi zangu, mara mojamoja itakuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Kwa hiyo nyumba siichukui. Mgahawa naupa alama nane kwa kumi, na mtaa wenyewe bado nautaka. Nimemwambia dalali anitafutie kitu mitaa miwili au mitatu kutoka hapa, upande usiopelekewa moshi. Mkija, agizeni ya kawaida, vile vitunguu vya kahawia ombeni viwekwe pembeni, na kaeni meza za mbele. Za nyuma zinapigwa na joto la jiko, utatoka unanuka kama bamba.