Hadubini ya USB kwa kompyuta ya nyumbani: usinunue namba ya kwenye boksi

Hadubini hizi ndogo zenye umbo la kalamu nene, taa 8 za LED zikiizunguka lenzi, huuzwa kwa maneno makubwa: 1000x, 1600x. Puuza. Ukuzaji unaouona hutegemea pia upana wa skrini yako, na kuupima ni kazi ya dakika moja. Weka rula chini ya lenzi, zungusha gurudumu la fokasi mpaka mistari ya milimita ikolee, kisha uhesabu. Milimita 2 zikijaza picha yenye upana wa sentimita 50, umekuza mara 250. Chomeka hadubini hiyohiyo kwenye laptopu ya sentimita 30 na ukuzaji unashuka hadi mara 150, wakati lenzi haijaguswa.

Cha kuulizia dukani ni pikseli halisi za kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga. Nyingi za bei ya chini zina 640 kwa 480, halafu programu huivuta picha ionekane ya megapikseli 2 au 5. Faili linanenepa, undani haupo. Yenye 1600 kwa 1200 za kweli inatosha kabisa kwa kazi za nyumbani.

Kuunganisha si tatizo. Karibu zote hufuata mfumo wa UVC, kanuni za pamoja za kamera za USB, kwa hiyo Windows, macOS na Linux huzitambua bila kusakinisha draiva (programu ya kuendeshea kifaa), na ile CD ndogo ya kwenye boksi iache humohumo. Windows ina programu ya Kamera, Mac ina QuickTime Player, Linux tumia guvcview. Ukiona uso wako badala ya mdudu, programu imeshika kamera ya laptopu. Badilisha chanzo cha picha. Skrini ikiwa nyeusi, angalia ruhusa ya kamera kwenye mipangilio ya faragha, au kama kuna programu nyingine imeishikilia kamera.

Picha kukatakata kuna sababu mbili. Kwa muundo wa YUY2, yaani picha isiyobanwa, kila pikseli hubeba baiti 2, hivyo fremu moja ya 1600 kwa 1200 ni megabaiti 3.84. Fremu 30 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 115, na USB 2.0 hata kinadharia haivuki 60. Chagua MJPEG, ambayo huibana picha kabla ya kuituma. Sababu ya pili ni mwanga hafifu: kamera huongeza muda wa kila fremu ili ipate mwanga, na mwendo unazorota. Ongeza taa.

Lakini taa nazo zina balaa lake. Ukiangalia bodi ya saketi, kila kiungio cha risasi ya kulehemu kitang'aa vidoa 8 vyeupe vinavyoficha ufa uliokuwa ukiutafuta. Punguza taa za hadubini kwa kigurudumu cha kwenye kebo, uangaze kwa taa ya pembeni, au funika LED kwa kipande cha karatasi ya shashi. Kitu kinachopitisha mwanga, kama ngozi ya kitunguu, kinataka mwanga kutoka chini: simu yenye skrini nyeupe, juu yake kioo kilichonyanyuliwa kidogo ili pikseli za simu zisiingie kwenye fokasi.

Stendi ndiyo aibu ya vifaa hivi. Ile ya shingo ya kupinda hutikisika ukiigusa tu, na kitufe cha kupigia picha kiko kwenye hadubini yenyewe! Piga kwa kibodi. Ukiweza, chagua stendi ya chuma yenye nguzo na skrubu ya kupandisha na kushusha.

Kwa viungio vya risasi, sarafu, nyuzi za kitambaa na miguu ya wadudu, ni kifaa kizuri. Bakteria wa mikroni 1 au 2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) usiwatarajie, hata pale hesabu ya pikseli inapoonekana kuruhusu, kwa sababu lenzi haiwezi kutenganisha vitu vidogo kiasi hicho.

Kwa kupima ukubwa wa vitu kwenye picha, kuna programu ya bure iitwayo ImageJ. Piga picha ya rula, chora mstari juu ya milimita 1, kisha ingiza urefu huo kwenye Set Scale. Baada ya hapo usiguse gurudumu la fokasi, kwani likizungushwa ukuzaji hubadilika na vipimo vyote vinaharibika. Kitu kikiwa nje ya fokasi, pandisha au shusha stendi.