Sarafina imerudi jukwaani Nairobi, wachambuzi wamenuna na ukumbi umesimama

Wacha nianze na bei ya hii shoo ya Sarafina, ule mchezo wa nyimbo wa Afrika Kusini, kwa sababu najua ndiyo watu watauliza kwanza. Tiketi ya kawaida 2,000, za mbele 3,500, mwanafunzi 1,000 akionyesha kitambulisho, unalipa kwa M-Pesa unatumiwa ujumbe na msee wa mlangoni anauskani. Nilichukua ya kawaida. Kundi lenyewe sitalitaja wala ukumbi, juu kuna vitu nitalalamikia hapa na sitaki kupigiwa simu, lakini kama uko Nairobi na unafuatilia mambo ya jukwaa unawajua, mabango yalikuwa mpaka kwa stendi za matatu hapo tao.

Sasa kabla niende nilikuwa nimesoma wachambuzi, wale wa magazeti na wale wa mtandaoni (hiyo ni kazi siku hizi, unapewa tiketi ya bure na samosa), na karibu wote walikuwa baridi. Ati shoo ni ndefu, ati sauti mbovu, ati hadithi haishikani, na mmoja akauliza kwa nini mtu arudishe Sarafina saa hii wakati vijana wetu wana hadithi zao. Halafu unaangalia watu wa kawaida walioenda unakuta ni moto tupu, video za ukumbi mzima umesimama, watu wanalia, kuna dada ameandika anarudi na chama chake chote. Nikasema haiwezekani watu wameona shoo moja wakatoka na stori mbili hivi.

Kitu ambacho naona pande zote mbili zilisahau ni kwamba hapa kwetu Sarafina ni sinema. Ile ya 1992, Whoopi Goldberg na Leleti Khumalo. Ukiwa ulisoma bweni Kenya hii unajua, Jumamosi usiku, televisheni moja kwa dainingi, fomu wani wamekaa chini sakafuni, kanda imechezwa mpaka picha inaruka, na bado mnaimba yote. Wengi wetu tuliingia kwa ule ukumbi tukiwa na hiyo kanda kichwani. Lakini jukwaa ndilo lilitangulia. Mbongeni Ngema aliiandika ikafunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka wa 1987, muziki mwingine akatunga na Hugh Masekela, na Januari 1988 ikawa imefika Broadway kule New York ikakaa shoo 597. Ikatajwa kwa tuzo tano za Tony, zile za michezo ya Broadway, na haikubeba hata moja, mwaka huo The Phantom of the Opera ndiyo ilichukua ya mchezo bora wa muziki. Kwa hivyo hata huko nyuma ilikuwa na hiyo tabia ya kupendwa na watu halafu zawadi zinaenda kwa mwingine.

Na ya jukwaa si kama ya sinema hata kidogo. Yule mwalimu aliyechezwa na Whoopi humpati. Mwalimu wa jukwaani anaitwa Mistress It's a Pity na nusu ya muda anakuchekesha. Hakuna kisa kimoja kinachoanza hapa na kuisha pale, ni darasa la shule ya Morris Isaacson pale Soweto, kitongoji cha Johannesburg, wanafunzi wanajiandaa kwa tamasha la shule, na mambo yanakuja kupitia nyimbo, huyu anasimulia, yule anaiga askari, hawa wanaanza mapenzi, mara kuna mazishi. Hivyo ndivyo ilivyotungwa. Sasa mchambuzi anayekuja kuniambia hadithi haishikani anapima shoo na sinema aliyoiona akiwa kidato cha pili. Kama ni lawama basi ampatie Ngema, na Ngema alituacha Desemba 2023 kwa ajali ya barabarani.

Hayo ya hadithi niliyakataa. Ya sauti nayakubali, na tena walipunguza. Bango lilisema saa kumi na mbili na nusu, tukaanza saa moja na robo bila mtu kutuambia samahani, halafu wimbo wa kwanza unaanza na ngoma na besi zimewekwa juu mpaka kwaya huisikii, unaona midomo tu. Nilikuwa nimekaa nyuma, chini ya ule ubaraza wa juu, na huko sauti ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Maiki ya kijana anayecheza Crocodile ilikufa mara mbili, akaamua tu kupaza sauti, na unajua nini, akaanza kusikika vizuri kuliko wenzake. Ukumbi ukampigia makofi kwa hiyo. Fundi wa mitambo sijui alikuwa wapi.

Urefu pia ni kweli. Nusu ya kwanza kuna nyimbo za mapenzi zinafuatana na mtu angekata moja asingepoteza kitu. Watoto wawili mbele yangu walilala, mama yao akawa anatazama Tiktok na mwanga wote wa simu unatupiga machoni sisi wa nyuma. Nilimgusa bega nikamwambia mama pole, hiyo simu, akaizima bila neno, Mungu ambariki.

Waigizaji ni vijana wadogo, ukiwaangalia unajua wengi wamepitia drama festivo za shule. Na hiyo inaonekana kwa uzuri na kwa ubaya. Uzuri ni kwamba wanaimba, yaani wanaimba, kile Kizulu wamekishika mpaka pumzi, na wakianza kukanyaga sakafu pamoja unasikia kwa kiti. Ubaya ni ile sauti ya mashindano, unaijua, mtu anageukia majaji, anapanua mikono, kila sentensi anaitoa kwa nguvu ileile hata kama anaomba tu kalamu. Yule anayecheza Colgate peke yake ndiye aliyekuwa anaongea kama binadamu anaongea na rafiki yake. Kuna wachambuzi walichukia vile maneno ya Sheng yamepenyezwa kwa utani wa darasani, mimi sikuona shida, mwanafunzi wa Soweto anatania kwa lugha yake basi wa hapa naye acha atanie na yake, ila utani wa bei ya unga na wa ETA, kile kibali cha mtandaoni cha wageni kuingia Kenya, ungetolewa, huo ulikuwa wa kutafuta kicheko cha bure.

Kuna wimbo pia unaitwa Kilimanjaro, na kuna kikundi cha Watanzania walikuwa upande wa kulia, wacha hao, walipiga vigelegele mpaka tukaanza kuwajibu kutoka huku kwetu. Hayo ni ya pembeni.

Sasa nikuje kwa sehemu yenyewe. Kuna mahali Sarafina anasimulia kuuawa kwa Victoria Mxenge, yule wakili aliyekuwa akitetea watu wa mapambano, aliuawa nyumbani kwake Durban mwaka wa 1985. Hakuna wimbo, hakuna ngoma, ni msichana peke yake na maneno. Kwa ile sinema tuliyoikariri hakuna hiyo simulizi, kwa hivyo watu hawakujua kinachokuja. Walidhani ni mapumziko kati ya nyimbo. Nyuma yangu mtu anafungua krispi, wengine wamewasha tochi za simu wanatafuta njia ya choo, kundi moja bado linacheka utani uliopita. Na yule binti akanyamaza. Katikati ya sentensi. Akaweka kiganja juu ya dawati, akatazama mbele, hakukasirika, hakufanya chochote, akangoja. Nilidhani amesahau maneno yake, hata mwenzake wa dawati la pembeni alianza kuinuka amsaidie. Kumbe anangoja sisi. Ilichukua muda mrefu kuliko vile ukumbi unaweza kuvumilia, mtu mmoja akasema shhh, wawili, kumi, na aliporudi alianza sentensi upya kutoka mwanzo kwa sauti ya chini kabisa, na kutoka hapo hakuna aliyefungua krispi tena usiku ule.

Hakuna mchambuzi hata mmoja aliyeandika juu ya hilo. Labda usiku wa uzinduzi watu walikuwa wametulia, sijui, watu wa tiketi za bure huwa na adabu. Na mashabiki nao hawakuandika, wao video zao zote ni za ule wimbo Freedom Is Coming Tomorrow.

Nikiwa mkweli hizo video hazidanganyi. Mambo yalianza askari alipoingia darasani, ukumbi mzima ukazomea, si ule mzomeo wa kucheza, ulikuwa na kitu ndani. Halafu ule wimbo wa kuuliza polisi wanatafuta nini Soweto, vijana wa upande wa kushoto wakatoa bendera za Kenya, zile ndogo za kufunga shingoni, ambazo wote tunajua zilinunuliwa lini. Mtu akipaza sauti Soweto, mwingine anajibu na jina la mtaa wake, Githurai, Rongai, Kitengela. Hakuna aliyepanga. Hiyo kitu ya maandamano ya 25 Juni 2024, watoto wa watu kuingia Bunge na wengine kutorudi nyumbani, haijaisha kwa vichwa vya watu, na sasa unawawekea mbele yao wanafunzi wa 16 Juni 1976 wakipigwa risasi kwa kukataa kufunzwa kwa Kiafrikana. Tulifundishwa hiyo tarehe shuleni kama Siku ya Mtoto wa Afrika, tukaimba mashairi kwa DC, mkuu wa wilaya. Ilikuwa ya mbali. Usiku ule haikuwa ya mbali.

Ndiyo maana swali la yule mchambuzi, kwa nini urudishe Sarafina badala ya hadithi zetu, mimi nalijibu hivi: hadithi zetu zilijaribiwa. Wanafunzi wa Butere Girls walikuja na mchezo wao wa vijana na watawala, Echoes of War, kwa tamasha la kitaifa la drama za shule Nakuru, Aprili 2025, wakahitaji amri ya mahakama ndiyo waruhusiwe, wakaishia kuimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani, na nje watu wanapigwa vitoa machozi. Watoto wa shule. Kwa hivyo mtu akichukua mchezo wa Afrika Kusini wa 1987 ambao hakuna ofisa atakuja kuuliza maswali, naelewa hesabu yake. Ningependa angesema hivyo wazi kwa kile kitabu cha shoo badala ya yale maneno ya matumaini na vijana ni viongozi wa kesho.

Mwishoni wanafunzi wanaigiza Mandela akitoka gerezani, Sarafina ndiye anavaa kuwa Mandela na kuhutubia. Mwaka wa 1987 mzee bado yuko ndani, alitoka Februari 1990, kwa hivyo waliokaa pale Market Theatre walikuwa wanatazama ndoto. Sisi tunajua ilivyoisha, na hapo niliona hata mkurugenzi amechoka, ameweka moshi na taa na bendera kubwa ili tusilale. Watu walipiga makofi ya heshima. Kando yangu kulikuwa na mama wa makamo, tangu mapumziko tulikuwa tunaongea kidogo, alikuwa ameniuliza, "Kijana, yule mama wa sinema anaingia saa ngapi?" nikamwambia haingii, mama, hii ni ya kabla ya sinema. Sasa hapo kwa Mandela akainama akaniambia, "Hawa angalau walijua mtu wao amefungiwa wapi." Nikajua anasema vijana wetu waliotekwa, nikamwambia kweli mama. Sikuwa na lingine.

Kwa hivyo ukiniuliza nani yuko sawa, wachambuzi wameandika vizuri juu ya maiki na urefu na hawakusikia ukumbi kabisa, na mashabiki wamesikia ukumbi mpaka wakamsahau yule binti. Mimi nampa yeye nyota zote tano, kwaya nne na nusu, mitambo moja na hiyo ni ya huruma, uongozaji tatu.

Ukienda, lipa hiyo ya 3,500 kama unaweza au kaa katikati safu za kati, usikubali kupelekwa chini ya ubaraza hata wakikwambia ni viti vizuri. Kula kabla, kwa mapumziko kuna chai, soda na samosa za 100 na foleni haisongi. Watoto chini ya miaka kumi waache nyumbani, kuna sehemu ya mateso nusu ya pili hawajaipunguza, na sioni kwa nini waipunguze. Inaisha karibu saa nne usiku, wa Thika Road na wa Jogoo Road mtapata matatu lakini nauli imeshapanda, wa Ngong Road pangeni teksi mapema. Wameongeza shoo ya mchana Jumapili saa nane, na nimeambiwa tiketi za wanafunzi za hiyo zinaisha haraka.